Kombe Lililobaki

Miaka ya sitini, homa ya mafua ilipoingia kijijini kwetu Kipungani, zahanati ilikuwa mbali, mjini Amu, na dawa zilikuwa zimekwisha. Mwalimu wa chuoni, aliyetusomesha dini, akatuandikia kombe: aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Bibi yangu alitunywesha wajukuu wote, tuliokuwa tumelala na homa, kwa kikombe kimoja, akitupangusa midomo kwa ncha ya leso, kisha akamalizia mwenyewe lililobaki, kwani kombe halimwagwi. Sisi tuliinuka tukarudi kucheza. Yeye hakuinuka tena.

Wageni husema homa ile ilituhurumia, kwa kuwa tulizika wachache. Maneno hayo hunikera. Kijiji kilijaa watoto; homa ilichukua wazee, na wazee ndio waliokuwa wachache. Na bibi nilikuwa naye mmoja tu.