Mchezo Uliofungwa Wiki ya Krismasi

Mchezo wetu ulifunguliwa Jumamosi ya kabla ya Krismasi, mjini Moshi, katika ukumbi ambao zamani ulikuwa wa sinema. Kabla mwaka haujaisha, mchezo ulikuwa umeshafungwa. Katikati hapo nilimpoteza mama yangu, ingawa hakufa.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi na kuishi na Mama kwenye kihamba chetu huko Kibosho, mlimani juu ya mji, yaani lile shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na nyumba ndani yake. Niliolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani. Kwetu mwanamke akirudi namna hiyo anapewa kitanda, hapewi ardhi. Kihamba kilikuwa cha mdogo wangu wa kiume, wa mwisho kuzaliwa, kama mila inavyotaka, naye alikuwa Dar es Salaam pamoja na kaka yetu mkubwa. Mimi ndiye niliyekata majani ya ng'ombe. Mimi ndiye niliyempeleka Mama kliniki ya presha, nikakaa naye kwenye benchi, nikarudi naye kwa bodaboda huku nimemshika kiuno asianguke kwenye mashimo. Wao walikuja wiki ya Krismasi.

Si wao peke yao. Wiki ile mlima wote hujaa. Nyumba za vigae zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, magari yanapanga foleni kwenye vijia ambavyo jana yake vilikuwa vya kuku, na kila penye uwazi kuna mbuzi anachomwa. Watoto wasiojua Kichagga wanaambiwa wamsalimie bibi, wanasema shikamoo wakiwa wanatazama simu. Baada ya mwaka mpya wote wanaondoka, na migomba inanyamaza tena.

Juu ya jambo hilo ndipo tulipotunga mchezo. Tulikuwa kikundi kidogo: walimu wachache, muuguzi mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa Soweto pale Moshi mwenye sauti ya kujaza uwanja, na mwongozaji wetu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Mimi na yeye ndio tulioandika. Ulikuwa mchezo wa mama mmoja mzee anayetandika vitanda vya wanawe mwaka mzima. Wanakuja, wanagombania kidari cha mbuzi, wanapiga naye picha, wanasahau kumvutia kiti. Siku ya kuondoka anawauliza, "Mtakuja tena lini?" Kila mmoja anajibu kwa zamu, "Mungu akipenda, Mama." Wakishatoka anachukua kitambaa, anapiga magoti na kufuta nyayo zao sakafuni. Hapo pazia linafungwa.

Nilipewa nafasi ya mama kwa sababu niliweza kuinama kama mzee, na niliweza kusema Kiswahili cha wazee wetu, kile ambacho Kichagga kinachungulia kila neno la tatu. Nilijifunza kwa nani? Nilikuwa naishi naye.

Mama alijua kwamba naigiza. Hakujua naigiza nini. Miaka mingine tulikuwa tukiigiza kuzaliwa kwa Yesu, akadhani ni mchezo huo huo, na mimi sikuona sababu ya kumweleza zaidi.

Ile siku ya ufunguzi mjini, watu walicheka mpaka viti vikalia. Wengi walikuwa hao hao waliotoka Dar na Arusha, wamekuja na familia zao baada ya kununua mchele na soda. Kila "Mungu akipenda" ilipotamkwa, ukumbi uliangua kicheko, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameshaisema kwao au alikuwa anajiandaa kuisema. Tukashangiliwa kwa kusimama. Mwenye ukumbi, mzee Mhindi aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alinijia nyuma ya jukwaa nikiwa bado najifuta unga wa mvi.

"Mwalimu," akasema, "huyu mama wenu ana bahati. Wangu wako Kanada. Hawaji hata hiyo wiki moja."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Onyesho la pili lilikuwa kwetu, Kibosho, katika ukumbi wa parokia, siku ya pili ya Krismasi alasiri. Watu walikuja wameshiba, wengine wamechangamka kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kaka yangu mkubwa alimleta Mama kwa gari, ingawa ukumbi ungefikika kwa miguu, akamkalisha safu ya mbele katikati yake na mdogo wetu. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya walichomletea, na kilemba kilichofungwa vizuri mno. Nilimwona kupitia tundu la pazia. Alikuwa ananyoosha shingo, ananitafuta.

Nilipotoka nimeinama na fimbo, alinitambua mara moja, akacheka kwa furaha na kumgusa mdogo wangu begani. Kisha taratibu akaacha kucheka. Nadhani alianza kuisikia sauti yake mwenyewe. Lile neno la kumwita kuku, ule mguno wa kuinuka kitini, jinsi ya kukunja shuka kwa kulibana kidevuni, vyote vilikuwa vyake, na ukumbi mzima ulijua ni vyake, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa majirani. Sikuweza kukatisha. Mwigizaji akishaanza ni kama mtu anayeteremka mlima kwenye utelezi.

Tukafika kwenye kuagana. "Mtakuja tena lini?" nikauliza.

"Mungu akipenda, Mama," akasema yule aliyeigiza mtoto mkubwa.

Ndipo Mama aliposimama pale mbele. Akapaza sauti, fimbo yake imeelekea jukwaani.

"Wangu wanakuja kila mwaka! Kila mwaka wanakuja!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Watu walidhani amepangwa, kwamba ni sehemu ya mchezo. Wengine wakapiga vigelegele. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwambie, bibi!" Simu zikainuliwa. Mama akageuka kuwatazama, mdomo wazi, haelewi kilichowachekesha. Kaka yangu akamshika mkono, akamkalisha. Nami, juu ya jukwaa, nilipiga magoti nikafuta zile nyayo mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

Nyumbani nilimkuta Mama jikoni anamenya ndizi za mtori. Alikuwa ameshavua kile kitenge kipya. Ndugu zangu walikuwa wamesimama mlangoni, na hawakunipa nafasi ya kukaa.

"Ulitaka watu waseme nini?" kaka mkubwa akauliza.

"Waseme walichokiona."

"Nani analipa dawa zake? Nani aliezeka hii nyumba? Hayo mbona hamkuyaigiza?"

"Na nani anayempa hizo dawa asubuhi?" nikamjibu.

Mdogo wangu alikuwa anatazama simu. Akainyoosha mbele yangu. Ile sehemu ilikuwa imeshafika kwenye kundi la wasapu la ukoo: Mama amesimama, fimbo hewani, kicheko kinammeza. Chini yake binamu walikuwa wamemwaga vikatuni vya kulia kwa kucheka. "Ofisini kwangu wameiona, dada," akasema. "Ofisini."

Nikamgeukia Mama. "Mama, haikuwa wewe. Ni mchezo."

Hakuinua macho kwenye ndizi. "Umenivua nguo mbele za watu," akasema. Akachukua ndizi nyingine, akaongeza, "Na tena mmekosea. Mimi zile nyayo sifuti. Naziacha mpaka ziishe zenyewe."

Alikuwa anasema kweli. Miaka yote niliyoishi naye, kila Januari alikuwa akinizuia kudeki sebule, nami nilifikiri ni uchovu wa sikukuu. Niliandika mchezo mzima juu yake na hilo sikuliona.

Kesho yake mwongozaji alinipigia simu. Parokia imesema ukumbi unahitajika kwa harusi. Nikamuuliza harusi ya nani, mbona hatukuambiwa. Akakohoa. Akasema wazee fulani wamelalamika, na yeye ana wajukuu wanaotafuta nafasi kwenye shule za kanisa, nimwelewe. Machame, kwa Walutheri, tulikokuwa twende Jumapili, nao wakasema wameahirisha. Walutheri na Wakatoliki hawakubaliani mengi, lakini siku hiyo walikubaliana. Yule aliyeigiza mtoto mkubwa akaniambia amepata kazi ya ushereheshaji kwenye harusi mbili na kipaimara, na kwamba kwa kweli mchezo ulikuwa umeshafika mwisho wake. Waliokuwa wananikumbatia Jumamosi sasa walikuwa wananiandikia ujumbe mfupi.

Fundi cherehani peke yake ndiye aliyekataa. "Tucheze Soweto," akasema. "Kuna uwanja wa chekechea ya shangazi yangu. Tusiufunge kama watu waliofumaniwa."

Kabla ya kwenda huko nilichuma jani la sale uani, lile ambalo Mchagga akikuletea huna ruhusa ya kukataa msamaha, nikampelekea Mama kwa mikono miwili. Alilipokea. Akaliweka mezani karibu na redio, akasema, "Nimepokea, mwanangu." Nikashusha pumzi. Ndipo akasema, "Kesho naondoka na kaka zako. Nakwenda kukaa Dar."

"Kukaa mpaka lini?"

"Kukaa."

Nilimtafuta kaka mkubwa, nikamkuta anaosha gari. Nilimwambia Mama hawezi joto la Dar, hana anayemjua, atakaa ndani kama mfungwa. Akaendelea kusugua bodi.

"Si mlisema tumemtelekeza?" akasema. "Basi tunamchukua. Tungeni mchezo mwingine."

Soweto tulicheza mbele ya watoto na akina mama waliokuwa wanasuka nywele. Hakukuwa na pazia. Tulifunga khanga mbili kwenye kamba. Nilicheza vibaya. Kila neno la Mama lilitoka kinywani kwangu kama nimeliiba. Tulipomaliza, mama mmoja aliuliza kama tutagawa chochote. Fundi cherehani akafungua zile khanga, akazikunja, akaniambia, "Basi. Umefungwa kwa heshima." Mimi sikuona heshima yoyote, lakini nilimshukuru.

Waliondoka asubuhi iliyofuata, Mama kiti cha mbele, mkoba wake magotini, amefungiwa mkanda kama mtoto. Hakulia. Alinipa maelekezo ya ng'ombe kupitia dirishani, kwamba anakaribia kuzaa, kwamba asipewe majani mabichi sana. Mdogo wangu aliniambia nisihofu, nitakaa mpaka atakapopata mtu wa kulinda nyumba. Ilikuwa nyumba yake, hakunidhulumu kisheria. Mtu huyo alipatikana haraka kuliko nilivyotegemea. Ng'ombe aliuzwa kwa jirani akiwa bado na mimba, nami nikahamia chumba cha kupanga huko huko Soweto, karibu na yule fundi.

Mama alikuwa akinipigia simu mchana, ndugu zangu wakiwa kazini. Miezi ya mwanzo aliuliza habari za ndizi, za mfereji, ng'ombe kazaa nini. Nilimwambia kazaa jike, na ni kweli alizaa jike, kwa jirani. Alilalamika kwamba maji ya Dar yana chumvi na kwamba hakuna mtu wa kuzungumza naye Kichagga isipokuwa mlinzi wa jengo, naye ni wa Rombo, na Kichagga cha huko Mama hakielewi vizuri. Baadaye simu zikapungua. Alikuwa na tamthiliya zake kwenye televisheni, na hakupenda kukatishwa.

Krismasi iliyofuata walikuja naye. Nilipanda Kibosho kwa bodaboda kwenda kumsalimia. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa raba nyeupe na miwani. Nilisema shikamoo, akaitikia vizuri, akanipapasa shavu, kisha akaniuliza kama kule mjini tuna umeme wa uhakika. Jikoni hakuingia, alisema moshi unamwasha macho. Yule mlinzi wa nyumba ndiye aliyekuwa anachochea kuni, akimuuliza Mama mambo, naye Mama akiwa amesahau baadhi, kama vile tunapotunza chungu cha mtori.

"Na ule mchezo wenu?" aliniuliza tukiwa wawili barazani.

"Tuliufunga, Mama."

"Mwaka huu hamwigizi?"

"Hapana. Kumbi zote zimekodiwa kwa harusi."

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyesikia kwamba duka alilolizoea limehamishwa. Nilitamani aseme neno jingine, zuri au baya. Nilikuwa nimelisubiri mwaka mzima. Aliniomba nimsogezee mto mgongoni.

Mchana ule waliamua kupiga picha ya familia mbele ya nyumba. Walikuwa wameshona sare ya kitenge kimoja, wake kwa waume, wajukuu hadi mtoto wa mkononi. Mimi sikuwa nimeshonewa. Mke wa kaka alisema kwa upole kwamba hawakuwa na vipimo vyangu. Mdogo wangu akanipa simu yake, akanionyesha pa kubonyeza.

"Wewe una mkono mtulivu, dada," akasema.

Wakajipanga. Wakamweka Mama katikati, kwenye kiti walichomtolea ndani wenyewe, wakakifuta vumbi kwanza. Akanyoosha raba zake mbele, akatabasamu kuelekea kwangu, na mimi nikabonyeza.