Wivu wa Fundi wa Seva

Kwa miaka kumi na mmoja, kitu chochote kilipoharibika katika kampuni ya mzee Taimur pale mtaa wa Gerezani, dawa ilikuwa moja: muiteni Mwinyimvua. Kampuni hiyo hutoa mizigo ya watu bandarini, na kazi zake zote zimo ndani ya seva moja iliyofungiwa kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi. Seva ikigoma, makarani wanabaki kupiga miayo na madereva wa malori wanaanza kutukana getini. Mwinyimvua aliitwa akiwa msibani, aliitwa akiwa na homa, aliitwa hata siku ya akika ya mwanawe wa pili, akaondoka mbio na kanzu yake, na mkewe Husna akanuna wiki nzima. Yeye moyo wake ulikuwa kwatu.

Kisha akaajiriwa Sitara kumsaidia, binti wa miaka ishirini na sita, mpole, daftari mkononi. Kila Mwinyimvua alipoigusa seva, Sitara alikuwa begani kwake: "Kaka, hapo umefanya nini?" Naye alimjibu, maana alipenda kuulizwa. Baada ya miezi minane mzee Taimur akaanza kusema, "Hilo muulizeni Sitara." Mwinyimvua alisikia kitu kinamchoma kifuani. Tusimfichie: ulikuwa wivu, tena ule wa mke mkubwa aliyesikia bi harusi mpya anashushwa mlangoni.

Alhamisi jioni, kwa agizo la mzee, Sitara aliweka toleo jipya la programu kwenye seva. Kesho yake angepanda ndege kwenda Mwanza, harusini kwa dada yake. Mwinyimvua alijua kwamba toleo hilo halipatani na programu ya zamani inayochapisha hati za kutolea mizigo. Alijua, akanyamaza. Alimalizia chai yake, akamtakia binti safari njema.

Ijumaa saa nne asubuhi printa zikaanza kutoa karatasi tupu. Makarani wakatazamana. Simu ya Sitara ilikuwa imezimwa, yuko angani. Mwinyimvua, ambaye siku hiyo hata chumba cha seva hakukikanyaga, akachukua kofia yake.

"Naenda Kariakoo kununua waya," alimwambia Mauza, karani mkuu. "Nikihitajika, simu ninayo."

Waya gani! Alikwenda kukaa Mtaa wa Msimbazi kwa muuza kahawa, simu ameiweka mbele yake, kioo juu. Simu ya kwanza asingepokea. Ya pili vilevile. Ya tatu, ya mzee mwenyewe, angeipokea kwa sauti ya mtu aliyechoka kusumbuliwa. Kisha angerudi kuliondoa toleo la Sitara mbele ya watu wote.

Kuliondoa si kazi. Kabla ya kuweka toleo jipya unachukua nakala ya seva nzima, na mambo yakiharibika unairudisha. Hatari iko kwingine: ukirudisha nakala ya jana, kila kilichoingizwa leo kinafutika, isipokuwa uwe umekitoa kwanza ukakihifadhi pembeni. Hilo Mwinyimvua alijifunza kwa machozi, katika mwaka wake wa pili kazini.

"Wakijitia kimbelembele wataifuta kazi ya asubuhi nzima," alijiambia, akamega kashata.

Kahawa ikaisha, akaagiza nyingine. Simu iliita mara moja tu. Alikuwa Husna, anataka nazi mbili. Mwinyimvua alimfokea kwamba anaziba laini.

Saa sita kasoro alishindwa kuvumilia. Alirudi Gerezani kwa miguu, jasho likimtiririka, akakuta printa zinanguruma na malori mawili yanatoka getini.

"Nani kagusa seva?"

"Mimi, kaka," alisema Mauza. "Sitara alibandika karatasi mle ndani kabla hajaondoka, eti toleo likisumbua tufanye hivi na hivi. Mzee ananisomea, mimi nabonyeza."

"Na kazi za leo asubuhi? Zimefutika, siyo?" Alitamani ziwe zimefutika. Alilitamani hilo kwa moyo wake wote, Mungu amsamehe.

"Hata moja. Karatasi imesema kwanza tuzitoe, tuziweke pembeni."

Mwinyimvua akaingia kuisoma. Hatua tisa, mwandiko wa duara, hakuna neno gumu hata moja. Yote yalikuwa maneno yake mwenyewe, vilevile alivyoyatamka. Chini kabisa Sitara alikuwa ameandika: "Haya yote nimefundishwa na kaka Mwinyimvua. Mkikwama popote, mpigieni yeye."

Mauza alikuwa amesimama nyuma yake.

"Namba yako nilikuwa nimeshaiweka tayari kwenye simu, kaka," alisema. "Ila hatukukwama popote."