Palu Kumi na Moja

Kwa mujibu wa fishi, yaani kadi yangu ya matibabu, niliugua palu mara kumi na moja katika muda wa miezi kumi na minne, na mara zote nikapona. Palu ni malaria. Hapa Kamina hakuna anayejisumbua kulitaja jina refu. Fishi hiyo ina kila kitu: mihuri, sahihi ya direkta wa shule, sahihi ya muuguzi, tarehe. Ukiisoma utanihurumia, utasema maskini mwalimu huyu, nyumbani kwake hakuna hata chandarua. Chandarua ninacho. Katika hizo palu kumi na moja, hakuna hata moja iliyoletwa na mbu.

Nilichokuwa nacho kilianzia kwenye madaftari. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano katika shule ya Wamethodisti, kama baba yangu kabla yangu, na katika nyumba yetu mwalimu asiyesahihisha madaftari alihesabiwa sawa na mtu aliyetoka nje bila suruali. Basi nikaanza kuyaleta madaftari nyumbani na kuyatazama tu. Nilifungua la kwanza, nikasoma sentensi ya kwanza, nikairudia, maneno hayaingii. Mwishowe nikawa naandika chini ya ukurasa neno moja la Kifaransa kwa wino mwekundu, "Vu", yaani nimeona, kisha naliweka kando na kuchukua lingine. Muhula mzima. Asubuhi mke wangu ndiye aliyenifunga vifungo vya shati, maana mikono yangu ilikuwa imeacha kutaka. Hakuna aliyekuwa amekufa, hakuna aliyenikosea. Nilitaka tu nisiwepo, na wazo hilo lilinijia wakati wowote, hata nikiwa nanawa mikono ili nile bukari, ugali wetu.

Kisha mama wa mwanafunzi mmoja akapeleka daftari kwa direkta. Lilikuwa na ukurasa mtupu, usio hata na tarehe, na chini yake "Vu" yangu nyekundu.

Direkta wetu ni mtu mwema, na wema wake umo katika kila kosa nitakalolisimulia hapa. Alifunga mlango wa ofisi, akaketi upande wangu wa meza.

"Mwalimu, weye uko na nini? Sema tu, minyi niko ndugu yako."

"Sijui, Bwana Direkta. Niko muchovu."

"Ile iko palu. Enda hospitali, bakuangalie."

Akachukua bon. Sisi walimu tunaolipwa na Serikali tuna bima yetu ya afya, tunaiita mutuelle. Mshahara unakatwa kabla haujatufikia, na ukiugua unakwenda na kikaratasi hicho kinachoitwa bon, direkta akiwa ameandika ugonjwa anaoudhania na kusaini, ukatibiwa. Hospitali inaandika jina lililothibitishwa kwenye bon na kwenye fishi yako, na bon inarudi kwa sekretari wa shule, kwenye meza ileile tunapochukulia chaki. Kwa hiyo inasomwa na kila mtu. Ikisomeka palu, jioni wenzako wanakuja kukupa pole, kila mmoja na kifuko cha sukari, wanakaa uani kwako na kulalamikia wakaguzi. Lakini miaka michache nyuma mwenzetu wa darasa la tatu alirudi na bon iliyosema ugonjwa wa kichwa. Sukari haikwenda kwake. Wiki iliyofuata alipewa ufunguo wa stoo ya vitabu, ambayo haina vitabu ila madawati yaliyovunjika, na darasa lake likapewa mtu mwingine. Tangu siku hiyo alikaa kwenye kiti mbele ya mlango wa stoo, toka kengele ya kwanza mpaka ya mwisho. Mimi nilikuwa nazunguka nyuma ya jengo ili nisipite mbele yake.

Hospitalini walinipima damu wakakosa kitu. Muuguzi wa dirisha la mutuelle akanielekeza kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la dawa. Mle nilimkuta mwanasaikolojia, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, aliyeletwa na mradi mmoja kutoka Lubumbashi, akifanya kazi siku mbili kwa wiki. Nilidhani nitasema maneno mawili nitoke. Nilisema mpaka mlinzi akaanza kukohoa mlangoni kwa makusudi. Nilipotoka nilihisi njaa, kitu nilichokuwa nimekisahau, nikapitia sokoni kununua samaki wakavu wa Kinkondja. Mke wangu alipoona nimebeba samaki ilibidi aketi.

Lakini kabla sijatoka, mama yule mwanasaikolojia alivuta bon yangu akafungua kalamu.

"Mwalimu, nitaandika jina yake ya kweli. Dépression. Haiko aibu."

Nikamshika mkono. Mimi, mwalimu wa watu, nikamshika mkono mwanamke nisiyemjua.

"Mama, weye hauko wa hapa. Ukiandika ile, bananinyanganya darasa. Tafazali."

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na mafaili yake. Akamaliza mambo kwa sauti ya mtu mwenye foleni ndefu: "Andika palu, mama. Ile magonjwa yenu ya roho mutuelle hailipake. Bakiona palu, habaulizake kitu."

 Kalamu ikaandika palu, kwa sababu nililia.

Ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Bon mpya haitolewi mpaka ile ya zamani ifungwe, na inafungwa kwa kuandika kwamba mgonjwa amepona. Kwa hiyo niliugua, nikapona, nikaugua tena. Kila palu ilinipa ziara kadhaa kwenye chumba kile. Na yalinisaidia mazungumzo yale, sitaki mtu aseme hayakusaidia. Nilianza kusoma madaftari tena, nusu yake, kisha zaidi ya nusu. Nilimgombeza mtoto mmoja kwa kuandika ovyo na nikafurahi kwamba nimeona. Zilikuwepo wiki mbaya, wiki za kulala nimegeukia ukuta, lakini nilijua siku ya chumba kile inakuja. Wakati huohuo kabati letu lilijaa sukari ya wenzangu. Mke wangu aliitazama kwa chuki.

"Papa, hii sukari iko ya uongo," aliniambia. "Siku moja itatuuliza."

Nikamjibu kwa ukali kwamba sukari haiulizi maswali. Nilikuwa na ulimi mrefu siku hizo, dalili nzuri.

Mradi ukaisha. Mama yule alinitangazia mapema, akanieleza waziwazi kwamba ugonjwa wangu ni wa kurudi, na kwamba nahitaji dawa pamoja na mazungumzo, vitu ambavyo vinapatikana Lubumbashi. Akaandika barua ndefu, nzuri, ya kuomba mutuelle inihamishie huko. Akapanda treni akaenda zake. Nami nikaipeleka barua, pamoja na fishi, kwa daktari wa mutuelle anayeidhinisha uhamisho.

Alisoma barua yote. Kisha akafungua fishi, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Mwalimu, hapa minaona palu tu. Kumi na moja. Na zote zilipona."

"Daktari, haikukuwa palu."

"Nani alisema baandike palu?"

 Daktari akanyoosha mkono kwenye rafu, akatoa kijitabu cha orodha ya magonjwa yanayolipiwa. Nilikitambua: kingine kama hicho kilikuwa pale dirishani kwa muuguzi, kikiwekewa kikombe cha chai juu yake. Alikifungua kwenye ukurasa wa mwisho kabisa na kunigeuzia. Kifafa kilikuwapo. Wazimu ulikuwapo. Ugonjwa wangu wa huzuni, dépression, ulikuwapo kwa jina lake, pamoja na uhamisho wa Lubumbashi, kwa sharti moja tu: fishi ionyeshe miezi mitatu ya kutibiwa ugonjwa huo, yenye sahihi ya anayetibu. Mimi nilikuwa nayo miezi kumi na minne. Kila siku ya Mungu nawaambia watoto wasome mpaka mwisho wa ukurasa, na kijitabu kile sikuwahi hata kuomba nikifungue. Kuambiwa kwamba mutuelle hailipii kulinifaa, basi nikaamini.

"Na barua ya mama yule?" nikauliza.

"Nikiamini barua, ile bon kumi na moja iko ya uongo. Ndiyo vile. Direkta yako na ule muuguzi batapoteza kazi. Unataka niandike?"

Sikutaka. Nani angetaka?

"Basi anza upya," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Andika ya kweli, miezi tatu, halafu urudi."

"Nani atasaini, Daktari? Mama alishaenda. Hapa Kamina hakuna mwingine."

Akafunga kijitabu. Alisema labda utakuja mradi mwingine.

Ugonjwa ulirudi na mvua za kwanza. Safari hii niliujua ulipoingia, kama unavyomjua mgeni kwa hatua zake uani, na kuujua hakukunisaidia chochote. Nilikwenda kwa direkta. Akanitazama usoni, akavuta bon bila kuuliza, akaanza kuandika. Alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza.

"Hapana, Bwana Direkta. Andika ya kweli. Dépression."

Aliweka kalamu chini. "Mwalimu, kile kinafuata unakijua. Wazazi batakuja hapa. Sitaweza kukulinda."

"Ninajua."

Akaichana bon ile, akaandika nyingine polepole, akauliza dépression inaandikwaje. Nikamtajia herufi moja baada ya nyingine, kama imla. Tulilia wote wawili, na sioni haya kusema.

Jumatatu mtu mwingine alisoma majina ya darasa langu. Nilimsikia kupitia dirishani, akikosea majina mawili. Jioni hakuja mtu. Mke wangu alinipa chai na sukari ya zamani, tukainywa. Mbele ya mlango wa stoo kiliwekwa kiti cha pili, na yule mwenzetu wa darasa la tatu akasogeza chake kunipa kivuli. Aliniuliza jambo moja tu siku ile.

"Weye balikuwa bakuandikia palu?"

"Ndiyo. Kumi na moja."

Akatikisa kichwa. "Minyi nilikataa," akasema.

Kila mwezi napeleka bon hospitalini. Muuguzi anaandika tarehe na jina la ugonjwa, jina la kweli, kwa mwandiko safi, kisha ananirudishia fishi bila kunitazama machoni. Chini ya palu kumi na moja zilizopona sasa ipo mistari mitatu ya kweli. Upande wa kulia, pale anapotakiwa kusaini anayenitibu, ni patupu. Hata "Vu" hakuna.