Jerikani Nne za Manjano

Nilikuwa na miaka sita na maswali yasiyokwisha. Tulikuwa tumehamia Juba kutoka Kenya, tukapanga vyumba viwili mtaa wa Hai Jalaba, na Baba bado alikuwa na furaha ya mtu aliyerudi kwao. Nchi ilikuwa mpya na kila kitu kilikuwa chetu, hata vumbi. Jumapili moja tulipotoka kanisani akatangaza kwamba tunaenda kupanda boti.

"Ziwani?" nikauliza. Niliwahi kuona ziwa kule Naivasha.

"Mtoni. Ni kama ziwa, ila hili linatembea."

"Linaenda wapi?"

"Khartoum."

"Kufanya nini?"

Baba akasema nimuulize Mama.

Mama hakuwa na nafasi ya maswali. Alikuwa amepanga jerikani nne sakafuni, zile za manjano za mafuta ya kupikia, tupu, zimeoshwa na vifuniko vimekazwa. Yangu na ya mdogo wangu alizifunga migongoni mwetu kwa leso. Alisema nyanya alimvusha mto hivyo hivyo akiwa mtoto, katika vita vya zamani, na hakuna mtoto wake atakayeingia majini bila jerikani. Mama aliuogopa ule mto kwelikweli.

"Mama Watoto," Baba akasema, "sisi ni familia ama ni duka la mafuta?"

Yake aliibeba mkononi, kwa shingo upande. Njia nzima watu walitucheka. Niliona haya, lakini zaidi nilitaka kujua hicho kitu mgongoni kingefanya kazi gani.

Bandarini, mwenye boti, Mganda mmoja mcheshi, alitutazama akacheka kwanza. "Nani hapa iko najua kuogelea?"

"Sio mimi," Baba akasema. "Mimi nimelelewa kambi ya wakimbizi. Maji yetu yalitoka kwa bomba, tena kwa foleni."

Wanaume wakacheka. Mama hakucheka.

Tulipita kando ya majahazi makubwa yaliyokuwa yakipakia magunia, kisha mto ukafunguka. Baba aliikalia jerikani yake akituonyesha kisiwa. Magugu ya kijani yalipita yakielea, nami nikashangaa mbona yote yanaenda upande mmoja.

"Mama, ndani ya jerikani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa hakuna kitu kitanibeba vipi?"

"Kitakubeba. Kaa chini."

Hilo halikuwa jibu. Nikalegeza leso polepole, nikaishusha jerikani ubavuni mwa boti, nikaiachilia. Ikaelea! Ikazunguka mara moja, kisha ikashika njia ya Khartoum, na leso yake ikiifuata.

"Inabeba!" nikapiga kelele kwa furaha. "Mama, ni kweli, inabeba!"

Mama alinizaba kofi, halafu akanikumbatia hadi nikashindwa kupumua. Mwenye boti alijaribu kuifuata, magugu yakamzuia. Baba akainuka, akanifunga ile aliyokuwa ameikalia kwa leso ya Mama, mafundo matatu.

"Mwanasayansi," akaniambia. "Sasa fungua hiyo."

Nilijaribu, nikashindwa.

Wiki chache baadaye risasi zilianza mjini. Siku mbili tulilala sakafuni, na asubuhi ya tatu kukatulia kidogo, majirani wakasema boti zinavusha watu. Mama alivuta jerikani tatu kutoka chini ya kitanda kabla hata ya kuchukua nguo. Safari hii hakuna aliyetucheka njiani.

Tulivuka salama, namshukuru Mungu, lakini ninachokumbuka zaidi ni pale ukingoni kabla ya kupanda. Boti ilikuwa imejaa hadi maji yalikaribia kuingia. Baba alimfunga mdogo wangu, akanifunga mimi, kisha akamnyooshea Mama ile ya tatu.

"Na wewe je?" Mama akauliza.

"Mimi najua kuogelea," Baba akasema.

Mama alimtazama, kisha akageuka ili amfungie. Nilifungua mdomo niseme kwamba huo ni uongo, kwamba nilimsikia mwenyewe. Halafu nikakumbuka jerikani yake iko mgongoni mwangu, nikanyamaza.