Alitupa mifuko kwa amri, akafungiwa peke yake

Saa moja asubuhi mashine ya kusaga nafaka inanguruma, na mpakiaji wake tayari ni mweupe kuanzia kope mpaka kandambili. Anakinga gunia kwenye mdomo wa mashine, analitingisha unga ushuke, analiburuta hadi kwenye mizani, analishona kwa sindano ndefu, kisha analibeba mgongoni mpaka ukutani yalipopangwa mengine. Akifika analibwaga. Vumbi linapanda hadi darini.

“Leo kaamka nazo,” mwendesha mashine anamwambia mwandishi, akipaza sauti ili asikike. “Ukiona anabwaga magunia hivyo, ujue kakutana na shemeji yake njiani.”

Kweli amekutana naye. Shemeji huyo, kaka mkubwa wa mume wake, ni mwalimu wa udereva. Siku za mashindano ndiye nahodha wa mashua ya tanga ambayo mama huyu ameipigania miaka sita. Asubuhi hii amempigia honi kutoka kwenye gari lake la mafunzo, akampungia mkono kana kwamba hakuna kilichotokea.

“Kanipungia,” anasema mama huyo, akijifuta macho kwa upande wa ndani wa blauzi, maana upande wa nje umejaa unga. “Mtu kanizika mzima mzima, halafu ananipungia.”

Ufukweni hakuna anayemwita kwa jina. Wanamwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwa sababu ya mikono yake. Mashua yao iliundwa na mume wake, seremala, nyuma ya nyumba yao, na majirani walikuja kuicheka mpaka ilipoingia majini ikaelea. Wanaoiendesha ni watu wa ridhaa wenye kazi zao: mwalimu wa udereva kwenye usukani, seremala kwenye kamba za tanga, kinyozi mmoja mbele akiangalia upepo unakotoka, na Winchi kwenye mifuko.

Mifuko ni ya mchanga, kilo ishirini na tano kila mmoja, na bila hiyo mashua nyepesi yenye tanga kubwa hulala ubavu. Kila nahodha anapogeuza ili kuukata upepo, mtu lazima aikimbize mifuko yote upande wa pili kabla tanga halijajaa. Akichelewa, wote wanaogelea.

“Wenzangu wakirudi wanasimulia mawimbi, wanasimulia visiwa,” anasema. “Mimi nasimulia nini? Naiona sakafu ya mashua tu. Ziwa nalijua kwa kulisikia.”

Na ziwa lenyewe si la mchezo. Ukifika katikati huoni nchi kavu upande wowote, na mawimbi yake hayajipangi. Yanakuja kila moja na safari yake. Mwaka wa kwanza walimaliza wakati watu wa jukwaani wanakunja viti. Mwaka wa pili mlingoti ukawakatikia, wakashinda kutwa wakichota maji kwa ndoo mpaka feri ilipowaona. Mwaka uliofuata mfuko ulimbana Winchi kidole kwenye ubao wa mashua, akamaliza mashindano kidole kimefungwa kwa kipande cha kamba, na Jumatatu akaja kazini kwa sababu hapa mtu analipwa kwa gunia. Kidole hicho hakinyooki tena. Anakionyesha kama wengine wanavyoonyesha picha za watoto.

Mwaka huu ndipo waliposhinda. Ushindi wenyewe ulidumu muda usiozidi nusu saa.

Ilikuwa hivi. Wakiwa wanarudi kutoka kuzunguka kisiwa, upepo ukakata. Mashua zote zikasimama, matanga yamelegea. Mpinzani wao mkubwa alikuwa mbele kidogo, karibu kiasi cha kusikia wanachoongea. Nahodha akageuka nyuma.

“Tupa miwili,” akamwambia Winchi.

“Nitupe? Si tunatakiwa kurudi nayo?”

“Nimesema tupa. Nani nahodha hapa?”

Kanuni inataka mashua irudi na uzito ule ule ilioondoka nao, na kila mtu anaijua. Ila kila mtu anajua pia kwamba miaka yote mifuko ilihesabiwa wakati wa kuondoka tu; wakati wa kurudi wahesabuji wanakuwa wameshakwenda kutafuta kivuli. Nahodha aliutegemea uvivu huo. Mifuko ikazama, mashua ikapata uhai, upepo mdogo ulipoamka wao wakawa wa kwanza kuondoka. Walipofika, wakakuta mhesabuji amesimama kwenye gati, maana wapinzani waliona kila kitu na kupiga simu.

Kikao cha kamati ya mashindano kilifanyika chumba cha juu cha duka la vifaa vya ujenzi, mezani pamepangwa maji ya chupa kama vile kuna harusi. Huko nahodha alisimama na kueleza kwa upole mkubwa kwamba shemeji yake alitaharuki, mwanamke si unajua, akatupa mifuko bila kuambiwa. Kinyozi akasema yeye alikuwa mbele, tanga lilimziba, hakusikia.

“Tanga lilimziba macho,” anasema Winchi. “Na masikio lilimziba? Mtu anayesikia mteja akinong’ona habari za mke wa jirani, mashine ya kunyolea inalia sikioni, ndiye hakusikia amri ziwani hakuna hata upepo?”

Seremala, mume wake, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, aliangalia viatu vyake. Kamati ya watu wazima wenye akili zao haikumuuliza shahidi huyo swali hata moja. Ushindi ukafutwa, Winchi akafungiwa msimu mzima unaokuja, na nahodha akapewa onyo kwa kushindwa kumdhibiti.

“Kunidhibiti,” anarudia, na gunia linalofuata linatua ukutani kwa kishindo.

Kwenye ngazi, wakishuka, nahodha alimsogelea na kumweleza hesabu yake, tena kwa sauti ya ndugu. “Shemeji, fikiria. Wakimfungia mtu wa mifuko, mashua inaendelea. Wakinifungia mimi, mashua imekufa. Nimeiokoa mashua yetu.”

Winchi anasema angemsamehe kama angekuja usiku nyumbani akiwa na aibu. Alikuja mchana na keki.

Mwandishi alimpigia simu nahodha. Alijibu kwa ufupi kwamba mambo ya ndani ya familia hayaandikwi gazetini, akakata.

Sasa kamati imemfungulia Winchi mlango mmoja. Siku timu zitakapokusanyika kuandikishwa, mwishoni mwa wiki hii, asimame mbele ya wote aombe radhi kwa kutupa mifuko, na adhabu itafutwa. Wamemwambia ni maneno machache tu. Watu wanamshauri ayaseme yaishe, na mwenye mashine, mwajiri wake, ni mmoja wao.

“Yataishia kwao,” anasema. “Mimi nitabaki ndiye niliyewapotezea ushindi. Binti yangu shuleni wameshaanza kumwita Tupa. Niende nikalithibitishe jina hilo kwa kipaza sauti? Bora nisiguse maji mpaka nife. Na maji nayapenda, usinione hivi. Kuna dakika moja mashua inapogeuka, mifuko yote imeshahama, tanga linajaa, na unajua ni wewe umeisimamisha. Hiyo dakika ndiyo wameninyang’anya.”

Mchana seremala anaingia na hotipoti ya chakula. Ni mwembamba, penseli imechomekwa nyuma ya sikio, na anatembea kama mtu aliyealikwa kwa makosa. Tangu kikao kile, nyumbani wanaongea habari za watoto na chumvi.

“Mgeni huyu nani?” anauliza.

“Wa gazeti. Anauliza nani alisema tupa.”

Mwendesha mashine, mwenye ubinadamu wake, au labda umbea wake, anazima mashine.

“Mama watoto,” seremala anasema, “yule ni kaka yangu. Baba alipofariki ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome ufundi. Huo mkono ulioiunda mashua, yeye kaulea.”

“Najua. Nimemfulia mashati yeye, nimemuuguza yeye. Sikukuuliza hilo. Mimi ni nani yako?”

Seremala haketi. Anaitoa penseli sikioni, anaitazama, anairudisha.

“Alisema tupa,” anasema hatimaye, akimwangalia mwandishi. “Nilimsikia. Mke wangu alimuuliza, akasema tena.”

Mwandishi anaandika. Winchi hanyanyui macho. Anavuta uzi, anaukata kwa meno, anachomeka sindano kwenye gunia lililo karibu. Mtu angetegemea machozi au walau pumzi ya nafuu, lakini amekasirika zaidi ya asubuhi, na sauti yake imeshuka.

“Usimwambie huyu. Huyu hakunifungia. Kaiambie kamati.”

“Nitakwenda kesho.”

“Leo. Kesho utakuwa umeshaongea na kaka yako.”

“Watamfungia, unajua? Miaka, si msimu. Na tukibaki bila nahodha, nani atashika usukani?”

“Mimi.”

Mwendesha mashine anacheka, kisha anaona hakuna anayecheka naye, anajifanya anakohoa unga.

“Hujawahi kuushika,” seremala anasema, si kwa ubaya.

“Na nani aliwahi kunipa? Tutatoka mapema kila Jumapili mpaka niuweze. Nikiwazamisha, tutaogelea, tumezoea. Wewe nenda.”

Seremala anaweka hotipoti juu ya mizani. Anakung’uta unga begani, anausambaza zaidi, anatoka. Mkewe anamfuata mpaka mlangoni na kusimama pale, mikono kiunoni. Njia inagawanyika mbele ya duka la vipuri: mkono mmoja unakwenda kwa kaka yake, mwingine unashuka gatini kwenye ofisi za kamati. Seremala anasita hapo muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili. Kisha anashuka.

Winchi hatabasamu. Anarudi ndani, anamwashiria mwenzake awashe mashine, na kabla kelele hazijaanza anamgeukia mwandishi.

“Adhabu yake ikiisha, shemeji akitaka kurudi, nitampokea,” anasema. “Mifuko itakuwa haina mtu.”