Mshono wa Darwesh

Nusu ya wanaume wa mtaa wake, huko Mji Mkongwe, walivaa makubadhi aliyoyashona Darwesh, ngozi ile ile na mkato ule ule. Alijivunia hilo kuliko nyumba yake. Kisha yakamfika maradhi ya Parkinson. Mikono ilitetemeka akaacha kazi, na miguu ikawa inamgandia kila afikapo mlangoni. Alilolitaka sasa lilikuwa dogo: aende msikitini Ijumaa kwa miguu yake, bila ya kushikwa mkono na bintiye Ghaliya mbele ya watu.

Daktari Rahila alimpa kidude chembamba cha kupima mwendo, chenye laini yake ya simu ndani. Kilituma hospitali urefu wa kila hatua na kila alipokwama. Darwesh hakukubali kufungwa kitu mguuni. Alipasua soli ya kubadhi la kulia, akakitia humo, akashona tena. Ghaliya alipotaka kumtungia uzi, alimfukuza. Kazi ya saa moja ilimchukua siku tatu. Ijumaa akayavaa kwenda msikitini, Ghaliya kamshika mkono.

Baada ya wiki mbili daktari akapiga simu. Hajapata kuona nafuu kama ile, alisema: hatua ndefu, zinalingana, hakuna tena kukwama. Dawa isiongezwe, na mzee anaweza kutoka peke yake. Ghaliya alilia kwa furaha. Darwesh hakuhisi nafuu yoyote, lakini nani abishane na mashine? Huenda ni woga wake tu.

Ijumaa iliyofuata aliukataa mkono wa bintiye. Alikwenda vizuri mpaka kizingiti cha msikiti, kiwiliwili kikatangulia, miguu ikabaki. Nyonga ilivunjika mbele ya watu wale wale aliotaka wamwone.

Siku ya tano jirani yake Talib, mchukuzi wa bandarini, alikuja kitandani pake na makubadhi mkononi. Soli moja ilikuwa imeachia na kidude kinachungulia.

"Nisamehe, mzee. Nliyachukua mlangoni pa msikiti, Ijumaa ile ya mwanzo, nkakuachia yangu. Yote umeyashona wewe, mtu hayatambui."

Darwesh aliugusa mshono wa soli. Ulikwenda upogo, mbaya kuliko wote aliopata kushona. Angeligeuza kubadhi mara moja tu angejua kuwa alilovaa si lake, lakini aliuonea haya mshono ule, hakutaka kuuona.

Ghaliya alikuwa ameshashika simu ampigie daktari, amwambie hatua zile ndefu zilikuwa za Talib. Darwesh alimrudishia Talib makubadhi.

"Vaa wewe, mwanangu. Mimi nshatembea."