Zamu za Dunguni

Mwezi uliopita tulimzika mwenzangu wa dungu. Watu walipotawanyika sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilishuka polepole na mkongojo wangu mpaka pale Mlali ilipokuwa shule yetu, ile ya enzi ya Mjerumani. Nilikuta mihogo. Ilikuwa mihogo mizuri, imestawi, wala sikuona uchungu. Jiwe tulilokuwa tukipangusia matope ya miguu kabla ya kuingia darasani bado lipo. Nikalikalia, nikaanza kukumbuka. Wewe hukuyaona mambo hayo, na sasa hakuna aliyebaki wa kunisahihisha, kwa hiyo sina budi kusema kweli tupu.

Shule yenyewe ilikuwa nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, na magogo yaliyopasuliwa ndiyo yalikuwa viti. Tulikuja asubuhi na umande miguuni, kila mtu na gimbi lake lililopoa, limefungwa katika jani la mgomba. Mwalimu alikuwa kijana wa pwani, kanzu yake nyeupe kuliko kitu chochote kijijini kwetu. Boma la Morogoro lilimleta na onyo: bwana mkubwa, Mjerumani wa boma, angekuja kukagua kabla ya mavuno, na akikuta magogo matupu, shule ingefungwa.

Na magogo yalikuwa karibu matupu. Kwa wazee wetu, boma lilikuwa kodi, kazi ya barabara na kiboko. Nani angempeleka mtoto huko kwa hiari yake? Akida, mtu aliyewekwa na Wajerumani juu ya vijiji vyetu, alimshauri mwalimu atume askari watukamate. Mwalimu alikataa. Alisema mtoto aliyeletwa kwa kamba akili yake hubaki kwao. Sitamsifu kupita kiasi, maana fimbo alikuwa nayo na mgongo wangu unaijua. Lakini askari hakuwatuma.

Badala yake aliwaita baba zetu. Walikuja wote, wakasikiliza vizuri, wakaitikia "vema, mwalimu" mara tatu. Kesho yake tulikuja watoto sita.

Bibi yangu, aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni, alimkuta mwalimu amekaa mlangoni mwa shule ameshika tama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umefiwa?"

Mwalimu akamweleza. Bibi akacheka mpaka akautua mzigo. "Umewaita wageni! Hao baba zao wamekuja kuoa tu hapa. Wenye watoto hukuwaita."

Huko kwao pwani mtoto ni wa baba. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Baba alikubali kwa adabu, kama mgeni anavyosifu chakula cha wenyeji. Mwalimu alikuwa amekosea mlango. Nilichokuja kumpendea ni kwamba hakuona haya kurudi na kubisha tena.

Alipanda mlimani kwa wajomba, nyumba kwa nyumba. Alimkuta mjomba wangu analima, naye mjomba hakuacha kulima. Mwalimu akavua kanzu, akaikunja juu ya kisiki, akaomba jembe. Walipofika mwisho wa tuta mjomba alimshika viganja akavitazama.

"Mikono laini kama ya bibi harusi! Hina umeiacha wapi?"

"Imefutika kwa jembe lako, mzee."

Mjomba akacheka, lakini akauliza swali lake palepale. "Mtama unatoa masuke. Huyu mpwa wangu ndiye anayeamia ndege. Ndege wakiumaliza, tutapika herufi zako?"

Nilikuwa nimesimama karibu, nikingoja mwalimu akasirike. Hakukasirika. Aliuliza, "Shamba la jirani linaamiwa na nani?"

Likatoka hapo jambo lililoiokoa shule. Dungu letu, kile kichanja kirefu cha miti tulichokalia kufukuzia ndege, lilikuwa mpakani na shamba la jirani. Mtoto mmoja aliweza kuyalinda mashamba yote mawili. Kwa hiyo leo ningekwenda shule mimi, na mtoto wa jirani, huyu tuliyemzika, angeshika kombeo; kesho ingekuwa zamu yake. Jioni aliyetoka shule angepanda dunguni na kumfundisha mwenzake alichokipata. Wajomba walikubali, kwa kuwa mtama ulikuwa salama. Magogo yakajaa nusu, na nusu nyingine ikawa juu ya madungu, ikipiga kelele.

Jioni zile ndizo ninazozikumbuka zaidi. Upepo wa mlimani ulishuka, dungu likawa linayumba kidogo, na chini yake mahindi yalikuwa yakipasuka juu ya makaa. Mwenzangu alikuwa mwalimu mkali kuliko mwalimu. Nikikosea, alinirushia gunzi.

Bwana mkubwa alikuja siku ya zamu yangu ya shule. Alitazama magogo, akauliza kwa Kiswahili chake kigumu, "Wengine wapi?"

"Wako dunguni, bwana," mwalimu akajibu. "Lakini wanasoma." Sauti yake ilikuwa tulivu.

Bwana mkubwa akaagiza asimame mmoja ambaye jana hakuwapo, asome somo la jana. Nikasimamishwa mimi. Ubaoni pakaandikwa mistari miwili. Wa kwanza nikausoma bila kukwama: mvua hunyesha mlimani. Wa pili ukanitazama tu.

"Basi?" akauliza.

"Mwenzangu aliishia hapo, bwana. Jua lilizama."

Ulikuwa uongo. Jua lilikuwa bado juu. Tulinasa ndege wanne jioni ile, tukawachoma, tukawala na vidole tukavilamba, na mstari wa pili tukausahau.

Bwana mkubwa aliutazama ule mstari wa pili. Kisha akasema katika shule nyingine aliyekosa siku moja hajui hata nusu ya somo, akaandika kitu katika daftari lake, akapanda nyumbu wake akaondoka. Shule haikufungwa.

Mwalimu alinishika sikio polepole. "Huku kwenu jua huzama mapema siku za ndege wanono, sivyo?" Hakunipiga. Jioni hiyo alipanda tena kwa wajomba na ombi moja: kila mtoto akirudi, kabla ya kula, aulizwe, "Umepata nini leo?" Mjomba alilishika ombi hilo kama deni la ukoo. Alikuwa hajui herufi hata moja, lakini alijua uso wa mtoto anayedanganya. Kwa kuuliza na kuonyeshwa kila siku, masika mawili baadaye alikuwa akiandika jina lake kwa kijiti mavumbini.

Mwalimu alihamishiwa Kisaki. Tulidhani mambo yatakufa. Mwalimu mpya alipofika alikuta zamu zimeshapangwa, wajomba wakiuliza, na sisi wakubwa tukiwafundisha wadogo. Aliuliza nani aliyeamuru, na kila mmoja akamwonyesha mwenzake. Iliendelea hivyo mpaka vita vilipokuja, askari wakalalia magogo yetu, paa likaanguka.

Nyumba haipo, na madungu siku hizi ni machache. Lakini mimi na mwenzangu hatukuacha. Tulizeeka tukiwa majirani, na kila jioni aliyepita kwa mwenzake aliuliza, "Umepata nini leo?" Mara nyingi jibu lilikuwa mgongo unauma.

Basi siku ile ya mazishi, pale juu ya jiwe, ilipofika saa ya kuulizana nilijijibu mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mihogo. Nilisema watu walikuwa wengi. Nilisema mjukuu wake alisimama akasoma majina ya ukoo wote kutoka kwenye karatasi, asikwame hata mahali pamoja. Kisha nikainuka, nikajipangusa, nikaenda nyumbani kula.